Kabla ya kulipia betri "mpya", tuiweke kwenye mizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme jambo linalowagusa mafundi wengi wa Lubumbashi, hasa sisi maseremala, wapauaji na mafundi wa madirisha ya alumini, ambao kwa miaka ya karibuni tumeacha waya na kuhamia kwenye mashine za betri. Jambo lenyewe ni betri zinazouzwa kupitia simu kwa jina la mpya, ambazo zikifika mikononi mwetu tunadhani hatuna njia ya kujua kama ni mpya kweli. Njia ipo. Haihitaji maabara, na mtu anaweza kuifuata akiwa na mizani ya sokoni, balbu mbili za gari na saa.

Asiyefanya kazi hii anaweza kushangaa kwamba betri imeandikiwa barua gazetini. Lakini huku Katuba, ambako karakana yangu ipo, umeme wa SNEL huja kwa zamu, na zamu hiyo haimsubiri mtu. Mke wangu amezoea kunisikia nikiamka usiku wa manane umeme unaporudi, niende kuweka betri kwenye chaja, maana kilichoingia usiku ndicho kitakachofanya kazi mchana. Seremala mwenye betri nne nzuri anafunga milango yake bila kuomba waya kwa jirani wala kununua mafuta ya jenereta. Mwenye betri nne mbovu anakaa juu ya mbao zake akitazama taa nyekundu, huku mwenye nyumba akimtazama yeye. Hasara haiishii kwenye bei ya betri: siku ya kazi imepotea, kibarua amelipwa bila kufanya kitu, na jina la fundi limeharibika kwa mteja ambaye hajui habari za seli wala ampea, anachojua ni kwamba aliahidiwa milango Ijumaa.

Mwaka huu, katikati ya kiangazi, wakati kila mwenye nyumba anaharakisha kupaua kabla mvua hazijaanza, niliona kwenye simu tangazo la betri za drili za 18 V na 5 Ah (V ni volti, na Ah ni ampea-saa, yaani ujazo wa betri), zimeandikwa «neuf», yaani mpya, kwa herufi kubwa, kila moja dola 45. Bei hiyo ilikuwa karibu nusu ya niliyoizoea dukani, na hapo ndipo ningepaswa kusimama. Sikusimama, kwa sababu mwuzaji alijibu maswali yangu kwa adabu, na picha zilionyesha betri safi ndani ya nailoni iliyobanwa vizuri. Nilitanguliza nusu ya fedha kwa simu. Wiki mbili baadaye nikaitwa na wakala anayegawa mizigo, nikamalizia nusu iliyobaki, nikakabidhiwa kifurushi chenye betri mbili. Nilibonyeza kitufe cha kila moja pale pale mbele ya wakala, na taa nne zote za kuonyesha chaji zikawaka, kwa hiyo niliondoka nimeridhika.

Siku iliyofuata nilikuwa Kampemba nikifunga milango ya mti wa mulombwa. Mlango wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye wa pili, nilipokuwa natoboa nafasi ya kitasa, sauti ya drili ilibadilika, ikawa nzito. Nikatazama taa, zilikuwa mbili, nilipotoboa tena ikabaki moja, kisha mashine ikazima huku keekee ikiwa bado ndani ya mti. Niliiacha betri ipoe, nikabonyeza kitufe, taa tatu zikarudi. Nikaendelea, na baada ya skrubu tano ikazima tena. Betri yangu ya zamani, niliyoitumia miaka mitatu, ndiyo iliyomaliza kazi ya siku hiyo.

Jioni nilimpigia mwuzaji. Hakukasirika. Aliniambia, «Papa, hiyo itakuwa chaja yako imezeeka. Betri zangu zinatoka kiwandani moja kwa moja, zinakuja na ndege, si wewe mwenyewe uliona zimefika zimejaa?» Maneno hayo yalinikaa kichwani, kwa sababu ndani yake mlikuwa na ushahidi dhidi ya mwenye kuyasema. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinakataza betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, bila mashine, kupakiwa kama mzigo katika ndege za abiria. Na zile zinazopakiwa katika ndege za mizigo hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Sababu ni moto, kwani seli, yaani kila betri ndogo iliyo ndani, ikipata hitilafu ikiwa imejaa hulipuka kwa nguvu kubwa kuliko seli iliyo karibu na tupu, na hewani hakuna pa kuitupa. Katoni za namna hiyo hubandikwa namba UN3480. Kwa hiyo betri iliyotoka kiwandani na kuruka kwa kufuata sheria hufika ikiwa na taa moja, pengine mbili, kati ya nne. Taa nne zikiwaka, ama haikusafiri hivyo, ama kuna mtu aliyeichaji njiani. Mtu huyo anaweza kuwa mwuzaji mwema aliyetaka kuijaribu, nami sitaki kumhukumu mtu kwa taa, lakini ni swali la kuulizwa fedha ikiwa bado mfukoni. Upande wa pili, betri isiyowasha taa hata moja, ambayo kwenye multimeta, kile kifaa cha kupimia volti, inasoma chini ya volti 12.5, imekaa tupu muda mrefu mno. Seli hizi zikishuka chini ya volti 2.5 kila moja huanza kuharibika kwa ndani, na hata chaja ikikubali kuzijaza, nguvu yake ya awali hairudi.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo sasa nalifanya kabla ya kitu kingine chochote. Jirani na karakana yangu kuna mama anayeuza samaki wakavu, na ana mizani ya tarakimu inayosoma gramu moja moja. Nilimwomba anisaidie. Aliifuta magamba kwa kitambaa, akairudisha kwenye sifuri, nikaweka kwanza betri yangu ya zamani ya 5 Ah: gramu 620. Nikaweka ya kwanza kati ya zile mpya, inayofanana nayo kwa umbo na kwa maandishi: gramu 392. Nikaweka ya pili: gramu 611. Mama akaziinua zile mbili mpya, moja kila mkono, akasema, «Papa, hizi si mapacha. Huyu hajala.»

Naomba nieleze kwa nini mizani inasema kweli. Ndani ya betri ya 18 V kuna seli za mviringo, nyingi zikiwa za aina ya 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli moja ina volti 3.6 za kawaida, hivyo tano zikifuatana zinatoa 18. Zikijaa kabisa kila moja hufika 4.2, yaani 21 kwa jumla, ndiyo maana betri ya seli tano kampuni moja huiandika 18 na nyingine huiandika 20, na hapo hakuna udanganyifu. Ujazo ni jambo jingine. Seli ya 18650 iliyo bora kabisa haizidi 3.5 Ah hivi, na zile zinazoweza kuvumilia nguvu kubwa ya drili au msumeno huwa kati ya 2 na 3. Ili kufikia 5 Ah inabidi ziwekwe safu mbili, seli kumi. Seli moja ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa sababu imejazwa chuma, shaba, alumini na madini mengine ambayo hayawezi kufanywa mepesi kwa maneno ya tangazo. Seli kumi ni gramu 450. Ongeza plastiki, bodi ya elektroniki na tepe za nikeli zinazounganisha seli, unapita gramu 600. Betri ya gramu 392 haina seli kumi ndani yake, hata ikiandikwa nini juu yake.

Zipo pia seli nene zaidi, za 21700, ambazo moja hufika 4 au 5 Ah na huwa na gramu 70 hivi, kwa hiyo betri iliyotengenezwa kwa seli tano za namna hiyo inaweza kuwa nyepesi kihalali. Ndiyo maana ulinganisho ufanywe na betri halisi ya mfano ule ule, au na uzito ambao kampuni yenyewe inautaja kwa mfano huo.

Nilizipeleka zote mbili kwa kijana fundi wa simu ambaye mkono wake nauamini. Nasisitiza kwamba mtu asiye na ujuzi asifungue betri hizi: bisibisi ikigusa ncha mbili kwa pamoja hutoa cheche za kuunguza macho, na seli ikitobolewa huwaka moto ambao hauzimiki kwa urahisi. Ile nyepesi haikuwa na siri kubwa. Ilikuwa na seli tano upande mmoja, na upande wa pili vishikio vitano vitupu. Ilikuwa betri ya 2 Ah iliyovishwa koti la betri ya 5.

Ile ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa sababu mizani iliipitisha. Ilikuwa na seli kumi kamili, zimevalishwa ngozi mpya ya plastiki ya kijani, bila jina la kiwanda wala namba yoyote. Kijana alikwangua ukingo wa tepe moja ya nikeli, akainyanyua kidogo, akanisogezea kioo chake cha kukuzia. Kwenye kichwa cha seli, kando ya vidoti vipya vya kulehemu, kulikuwa na vidoti vingine vinne vilivyosagwa na kufifia, kama matundu ya misumari iliyong'olewa kwenye ubao wa zamani kabla ya kupigwa rangi. Seremala yeyote anaijua alama hiyo, maana ubao uliowahi kupigiliwa mahali pengine hauwezi kulificha jambo hilo. Seli hizo ziliwahi kufanya kazi ndani ya kitu kingine, pengine betri ya kompyuta au ya baiskeli ya umeme, zikang'olewa, zikavishwa, zikauzwa kwangu kama zilizotoka kiwandani.

Kisha alipima kila jozi ya seli mbili peke yake, jozi tano kwa jumla. Nne zilisoma 4.08, 4.07, 4.08 na 4.07. Ya tano ilisoma 3.61. Ukijumlisha unapata volti 19.9, namba inayopendeza kwa anayepima kwa nje tu, na ndiyo iliyokuwa ikiwasha taa zangu. Lakini seli zilizofuatana ni kama watu watano waliobeba gogo begani, mmoja akipiga magoti gogo linatua hata kama wanne wangali na nguvu. Drili inapovuta kwa nguvu, jozi dhaifu huporomoka, bodi ya ulinzi inakata umeme, mashine inazima. Ukiiacha ipumzike volti hupanda tena, taa zinarudi, nawe unadhani ni chaja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona mafundi wengi wakigusisha multimeta kwenye betri, wakaona 20, wakalipa. Volti ya betri iliyopumzika hueleza imejaa kiasi gani wakati huo, nayo betri iliyochoka kabisa inaweza kujaa vizuri tu. Afya yake huonekana inapobebeshwa mzigo.

Mzigo huo anaweza kuutengeneza mtu yeyote. Mimi nilinunua balbu mbili za gari za 12 V na 21 W, zile za breki au za ishara ya kukata kona, nikaziunganisha zifuatane, yaani ncha ya moja kwenye ncha ya nyingine, ili volti 18 zigawanyike kati yao. Zikiwa hivyo huvuta karibu ampea 1.5. Nilijaza betri kabisa, nikaiacha ipoe, nikaunganisha balbu kwenye ncha chanya na ncha hasi, nikaandika saa kwa chaki ukutani. Balbu ziwekwe juu ya tofali, kwa sababu hupata joto la kuunguza meza, na mtu asiondoke hapo. Kila dakika kumi nilipima volti, na ilipofika 15, yaani 3 kwa kila seli, nilikata. Kuendelea zaidi ya hapo ni kuiumiza betri. Hesabu ni ya shule ya msingi: saa ilizowaka mara 1.5 ndizo Ah zilizomo. Betri yangu ya zamani iliwaka saa 3 na dakika 5, yaani zaidi kidogo ya 4.6 Ah baada ya miaka mitatu ya jasho. Ile nyepesi iliwaka saa 1 na dakika 15. Ile ya seli za kijani, yenye uzito kamili na taa nne, iliwaka saa 1 na dakika 5, ikakata yenyewe kabla sijaigusa. Kwa kipimo hiki hakuna hoja ya kwamba chaja yangu imezeeka, kwa sababu balbu haina upande wowote.

Ambaye hana subira ya saa tatu aitazame chaja. Chaja yangu ya haraka hujaza betri halisi ya 5 Ah, ikiwa karibu tupu, kwa dakika 45 hivi. Zile mbili zilijaa kwa dakika 20 na kitu, na hapo nilifurahi, nikidhani seli mpya hunywa haraka. Pipa linalojaa haraka chini ya bomba lile lile ni pipa dogo. Tena ile ya seli za kijani ilipata joto upande mmoja kuliko mwingine, dalili ambayo wakati huo sikuielewa: seli iliyochoka huwa na ukinzani mkubwa ndani yake, na umeme unaopaswa kuhifadhiwa hugeuka joto.

Kabla ya vipimo hivyo vyote, macho pia yana kazi. Betri za mashine hufungwa kwa skrubu za kichwa cha nyota, nyingine zikiwa na kijiti katikati ili zisifunguliwe ovyo, na moja mara nyingi hufichwa chini ya kizibo cha plastiki; kizibo kilichotobolewa au vichwa vilivyokwaruzwa maana yake mtu alishaingia ndani. Reli ambazo betri huteleza nazo kwenye mashine, pamoja na vyuma vya kugusana, hubaki na mistari ya kung'aa kila inapochomekwa. Mstari mmoja au miwili unaweza kuwa wa majaribio, lakini vyuma vilivyosuguliwa hadi rangi kubadilika, na vumbi la saruji kwenye pembe za reli, ni vitu ambavyo kiwanda hakitumi. Tena hesabu ya lebo ilingane: volti mara Ah ni Wh (wati-saa), hivyo 18 mara 5 ni 90, na lebo inayosema 5 Ah kisha ikaandika Wh nyingine imebandikwa na mtu asiyejua anachoandika.

Mahali hapa sina budi kuzitaja zile betri zilizojaa masokoni zenye maandishi ya 48VF, 88VF, hata 288VF. Hizo VF si volti. Ukizipima, zina seli zile zile zilizofuatana tano tano, na zinatoa volti kati ya 18 na 21 kama nyingine zote. Kijana anayeanza kazi, aliyeweka akiba ya miezi, huona 288 na kuamini amepata mashine yenye nguvu mara kumi na sita ya ile ya bwana wake. Jambo hili linaniuma kuliko hasara yangu, kwa sababu mimi niliingia nikiwa na uzoefu wa kazi na betri nyingine za kufanyia kazi, na yeye mara nyingi hana nyingine.

Iko pia aina ya tatu, ambayo hata mwuzaji mwaminifu anaweza kukuuzia bila kujua: betri halisi, haijawahi kuguswa, lakini imezeeka kwenye rafu. Seli za lithiamu huzeeka hata zisipotumika, na huzeeka upesi zaidi zikihifadhiwa zimejaa na mahali penye joto. Fikirieni kontena linalosubiri bandarini Dar es Salaam, likapanda kwa barabara hadi Tunduma, likavuka Zambia nzima, likakaa kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, kisha mzigo ukaingia ghala lenye paa la bati. Kampuni kubwa kama Makita, Bosch na DeWalt hupiga tarehe ya kutengenezwa, au msimbo wa tarehe, kwenye plastiki au kwenye lebo, na mwuzaji anapaswa kuweza kuusoma. Mimi sinunui tena betri iliyopita miaka miwili kwa bei ya mpya, na ile ambayo tarehe yake imekwanguliwa siinunui kwa bei yoyote. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba kobalti ni kati ya madini yanayoingia kwenye nyingi ya seli hizi, kwamba zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, na kwamba malori yanayoibeba kutoka Kolwezi na Likasi hupita njia hii hii ya Kasumbalesa. Watu wa Katanga hawastahili kuletewa seli ambazo wengine wameshazimaliza.

Sipendi barua hii isomwe kama vita dhidi ya mafundi wanaofufua betri. Hapa mjini wapo vijana hodari wanaofungua betri iliyokufa, wakabadilisha seli, wakairudisha kazini kwa bei ambayo fundi mdogo anaimudu, na baadhi yao huandika kwa kalamu ya wino tarehe waliyoitengeneza na idadi ya seli. Mimi mwenyewe nimetumia kazi yao. Betri iliyofufuliwa, ikauzwa kwa jina hilo na kwa bei hiyo, ni msaada mkubwa kwetu. Kosa lipo katika neno moja tu, «mpya», na neno hilo ndilo lililonitoa dola 90.

Mwuzaji wangu, baada ya kumtumia picha za mizani na za zile seli, alinirudishia dola 30 na kuacha kupokea simu. Simtaji, kwa sababu inawezekana naye aliuziwa hivyo hivyo na mtu wa juu yake. Na kwa sababu ninachotaka ni utaratibu, ambao haumhusu yeye peke yake. Ninawaomba wote wanaouza betri kwa simu waweke katika tangazo picha mbili zaidi, moja ya tarehe iliyopigwa chini ya betri, nyingine ya betri ikiwa juu ya mizani, gramu zikisomeka. Ninawaomba mawakala wanaogawa mizigo wawe na mizani ndogo kaunta, na waturuhusu kufungua kifurushi na kupima kabla ya kumalizia fedha. Dakika mbili zinatosha, na zitawaondolea wao wenyewe ugomvi. Ningefurahi pia kama Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, ambayo kazi yake ni kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, ingeitazama kwa makini lebo yoyote inayodai volti ambazo seli zilizomo haziwezi kuzitoa.

Kwako, Ndugu Mhariri, nina ombi dogo. Mafundi wengi hawana betri halisi ya kulinganisha nayo, na hapo ndipo wanaposhindwa. Ukikubali, gazeti lipokee kutoka kwa mafundi wa mjini uzito wa betri wanazozijua kuwa halisi, pamoja na mfano wake, volti na Ah, na kuzichapisha kidogo kidogo, ili mtu akate kipande hicho na kukiweka mfukoni anapokwenda kuchukua mzigo. Ninaanza na zangu, zilizopimwa kwenye mizani ile ile ya mama wa samaki, bila mashine wala kifuniko: ya 18 V na 5 Ah, seli kumi, gramu 620, ya 18 V na 2 Ah, seli tano, gramu 370.

Wako,
Seremala wa Katuba, Lubumbashi